Mzigo wa Mpagazi: Kanisa na Huduma Wakati wa Vita

Somo la kujifunza nyumbani na katika vikundi

Masomo ya kusoma kwanza: 2 Wafalme 6:8-23, Matendo 11:27-30, Wagalatia 6:1-10



Tunaposikia habari za vita siku hizi, tunafikiri habari za mbali. Tunasikia redioni juu ya Kongo au Sudan, tunaomba kidogo katika ibada, kisha tunarudi kwenye mashamba yetu ya mpunga. Lakini bonde hili la Kilombero nalo limepitiwa na vita, tena zaidi ya mara moja. Mtu anayevuka daraja leo kwenda Mahenge kwa gari hupita kwa muda mfupi mahali ambapo wazee wetu walipita na mizigo kichwani, wakiwa na njaa na homa, wakiwafuata watu ambao ugomvi wao haukuwa wao.

Katika somo hili tunataka kujifunza jambo moja: Kanisa limefanya nini kwa ajili ya watu wanaoumia wakati wa vita, na sisi tunapaswa kufanya nini kwa kufuata mfano huo. Hatutasifu tu. Tutatazama pia mahali ambapo kazi hiyo ilikuwa na shida ndani yake, maana mkulima hujifunza hata kwa shamba lililoharibika.

1. Karamu ya Samaria

Tuanze na Neno la Mungu. Jeshi la Washami lilitumwa kumkamata nabii Elisha. Mungu akawatia upofu, na Elisha akawaongoza mpaka katikati ya mji wa Samaria, mbele ya mfalme wa Israeli. Mfalme alifurahi sana. Aliuliza mara mbili kama awapige. Elisha akamkataza. Akamwambia awape chakula na maji, kisha awaache waende kwao. Ikafanywa karamu kubwa, wakala, wakanywa, wakarudi kwa bwana wao; na vikosi vile vikaacha kuja kushambulia nchi.

Tuangalie mambo manne. Kwanza, Elisha hakutuma mtu, alikuwapo mwenyewe. Pili, hakuuliza kwanza kama wale watu wamekwisha kuwa marafiki. Walilishwa wakiwa bado adui. Tatu, hawakulishwa ili wawe watumwa wa Samaria, bali ili wapate nguvu za kurudi kwao kwa miguu yao wenyewe. Nne, Elisha alithubutu kumpinga mfalme wake mwenyewe. Tuyashike mambo hayo manne, maana tutayaona tena katika habari zinazofuata.

2. Vita vilivyopita kwetu

Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwezi wa Julai 1905. Mwezi uliofuata moto ulikuwa umefika kwetu. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya watu walilishambulia boma la Wajerumani pale Mahenge, wakiamini ya kuwa dawa ya maji itazuia risasi. Bombom ziliwaua wengi. Lakini risasi hazikuwa msiba mkubwa kuliko yote. Wajerumani walichoma vijiji na ghala, wakaharibu mazao shambani, ili njaa imalize kazi. Wanahistoria wengine wanakadiria kwamba watu 250,000 au zaidi walikufa katika vita ile kusini mwa nchi yetu, na wengi wao walikufa kwa njaa na maradhi.

Hazikupita hata miaka kumi, vita vingine vikaja. Mwaka 1914 mataifa ya Ulaya yalianza kupigana, nao wakaleta ugomvi wao mpaka huku. Agosti 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey, yaliyotoka upande wa Nyasaland, yaliingia Iringa. Wajerumani wakaishikilia nchi ya Mahenge, na mto wetu ukawa kama mpaka kati ya majeshi. Mpunga wa bonde hili ukawa chakula cha askari. Tarehe 9 Oktoba 1917 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Mahenge. Kikosi cha Kijerumani kilichotoka huko chini ya Kapteni Tafel kilielekea Ruvuma, na mwisho wa Novemba mwaka huo huo kikasalimu amri kwa sababu chakula kilikwisha.

Tufikiri hapo kidogo. Kama jeshi lenye bunduki lilishindwa kwa njaa, mama mwenye watoto watatu na ghala tupu alifanya nini? Vita huua watu wengi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Ndiyo maana huduma ya Kanisa wakati wa vita mara nyingi haikuwa jambo la kushangaza macho. Ilikuwa uji, dawa, blanketi, na mtu wa kukaa karibu.

3. Wapagazi

Katika vita ile ya 1914 mpaka 1918, mzigo mkubwa haukubebwa na magari. Barabara zilikuwa chache, na ng'ombe na farasi walikufa kwa ndorobo. Basi kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilikwenda juu ya kichwa cha mtu. Majeshi yalikusanya wanaume kwa mamia ya maelfu. Wengine walikwenda kwa mshahara, lakini wengi walichukuliwa kwa nguvu.

Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi zaidi ya 95,000 walikufa upande wa Waingereza peke yake. Wengi wao hawakuona hata adui. Watu wa pwani waliozoea wali walipewa unga wa mahindi, na mara nyingi hapakuwa na nafasi wala kuni za kuupika ukaiva. Matumbo yakaharibika, wakahara damu, wakafa njiani katika mvua. Sisi tunaokula wali wa Ifakara kila siku tunaweza kufahamu vizuri jambo hilo: chakula anachopewa mtu bila kujali desturi yake na hali yake kinaweza kuwa sumu.

Jina la Kariakoo, soko lile la Dar es Salaam, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Si mbali na hapo iko Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927. Juu yake yuko askari na bunduki yake. Mpagazi hayupo juu pale. Ndivyo ulimwengu unavyokumbuka vita: humkumbuka mwenye bunduki, humsahau mwenye gunia. Lakini Bwana wetu, ambaye naye alichukua msalaba wake mpaka nguvu zikamwishia, hawezi kumsahau mchukuzi.

4. Askofu aliyekwenda na wachukuzi

Wakati ule Askofu wa Kanisa letu wa Zanzibar alikuwa Frank Weston. Alifika Unguja mwaka 1898 kama mmisionari wa UMCA, akawekwa kuwa Askofu mwaka 1908. Dayosisi yake ilifika mpaka bara upande wa Tanga, hivi kwamba vita ilipoanza kundi lake likagawanyika: wengine walikuwa chini ya Waingereza, wengine chini ya Wajerumani. Wamisionari Waingereza waliokuwa bara walifungwa na Wajerumani, na walimu na makasisi Waafrika wa UMCA na wa CMS walikamatwa na kuteswa kwa kuwa walihesabiwa ni marafiki wa adui. Wafungwa wa Tabora walifunguliwa Septemba 1916, Wabelgiji walipouteka mji.

Mwaka huo wa 1916 serikali ya Zanzibar ilihitaji wapagazi. Watu waliogopa, nao walikuwa na sababu. Askofu Weston alijitolea kukusanya kikosi na kukiongoza mwenyewe. Wakapatikana wanaume wapatao 600, naye akapewa cheo cha Meja, akavuka nao kwenda bara, akatembea nao kwa miguu.

Jambo kama hilo lilitokea Kenya mwaka 1917. Dr John Arthur wa misheni ya Waskoti pale Kikuyu, pamoja na wamisionari wa madhehebu mengine, walikusanya kikosi cha wapagazi kutoka shule na makanisa yao, wakaenda nao katika nchi yetu. Kwa sababu waliangaliwa vizuri zaidi katika chakula na matibabu, wachache wao walikufa kuliko wapagazi wa vikosi vingine.

Hapa tumekutana na jambo la kwanza la Elisha: kuwapo mwenyewe. Askofu angeweza kubaki Unguja, akaandika barua na kuwaombea. Sala hizo zingekuwa njema. Lakini mpagazi hushiba kwa chakula kilichoiva, na mtu anayelala kambini ndiye anayejua kama kimeiva.

Hata hivyo, ndugu, tuseme kweli. Wapagazi wa Askofu nao walibeba mizigo ya jeshi. Huruma yake ilipunguza mateso ya watu wake, lakini pia ilisaidia vita kuendelea. Mkristo anayehudumu wakati wa vita mara nyingi hujikuta katika shida hiyo: akikaa mbali, watu watakufa bila mtu wa kuwatetea, akikaribia, mikono yake itapata uchafu wa vita. Hatudhani kwamba kuna jibu rahisi. Weston aliona afadhali akaribie. Na alipotoka huko hakunyamaza.

5. Kusema kweli kwa wakubwa wa kwetu

Kabla vita haijakwisha, Weston aliwashitaki Wajerumani kwa maandishi kwa ukatili waliowatendea Waafrika. Hilo lilikuwa rahisi kidogo, maana Wajerumani walikuwa adui, na Waingereza walifurahi kusikia. Jaribu lilikuja baadaye.

Mwaka 1919 Jenerali Northey, yule yule aliyekuja na jeshi mpaka Iringa, aliwekwa kuwa Gavana wa Kenya. Mwaka huo serikali yake ilitoa waraka wa kuwaagiza maofisa na machifu kuhimiza watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, hata wanawake na watoto. Kila mtu alijua "kuhimiza" maana yake nini. Maaskofu wawili wa Kianglikana, wa Mombasa na wa Uganda, pamoja na Dr Arthur, waliandika hati ya kuonya juu ya hatari za waraka ule, lakini walikubali kwamba watu waweze kulazimishwa kwa sheria kwa kazi za serikali. Weston alikataa hata hilo. Mwaka 1920 akatoa kijitabu Uingereza, akisema waziwazi kwamba serikali ya nchi yake inataka kuwafanya Waafrika watumwa. Wengine nao wakapiga kelele, na mwaka 1921 serikali ya London ikawakataza maofisa wake kuwatafutia walowezi vibarua.

Tunaona kwamba mtu yule yule, Dr Arthur, aliyewatunza wapagazi wake vizuri, hakuona mbali katika jambo la kazi za kulazimishwa. Mtu anaweza kuwa na huruma kambini na bado asione dhuluma iliyo katika sheria. Kumfunga jeraha mtu aliyepigwa njiani ni kazi ya Msamaria. Kuuliza kwa nini njia ile ina wanyang'anyi kila siku ni kazi yake pia.

6. Jembe na mbegu

Sasa tuvuke miaka mpaka wakati wa Uhuru. Tarehe 25 Septemba 1964 vita vya ukombozi vya Msumbiji vilianza, na watu wakavuka Ruvuma kwa maelfu kukimbilia kwetu. Magharibi walikuwapo tayari wakimbizi kutoka Rwanda. Mwaka huo wa 1964 ikaanzishwa huduma iliyojulikana kwa herufi TCRS, yaani Huduma ya Kikristo kwa Wakimbizi ya Tanganyika. Ilianzishwa na Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu pamoja na Baraza la Makanisa la Ulimwengu na Baraza la Kikristo la nchi yetu, ambalo sisi Waanglikana tumo ndani yake.

Kazi hiyo ilifanywa kwa mapatano ya pande tatu. Serikali ilitoa ardhi, Umoja wa Mataifa ulileta sehemu kubwa ya fedha, na TCRS ikafanya kazi yenyewe. Yakafunguliwa makazi ya Rutamba, Lundo, Muhukuru na Matekwe kwa watu wa Msumbiji. Baada ya mauaji ya Burundi mwaka 1972 yakafunguliwa Ulyankulu na Katumba, na mwaka 1978 Mishamo.

Ni vema tuangalie namna ya kazi. Familia ilipewa posho ya chakula kwa muda tu. Pamoja na posho ilipewa shamba, jembe na mbegu, na ilitazamiwa ijilishe yenyewe baada ya mavuno. Zikajengwa shule, zahanati, visima na barabara. Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975, watu wengi walirudi kwao. Wa Burundi walikaa muda mrefu, wakalima na kuuza mazao, na mwishowe zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao wakapewa uraia wa Tanzania. Hapa tumeona jambo la tatu la Elisha: kumlisha mtu ili asimame kwa miguu yake.

7. Swali gumu la Ngara

Jambo la pili, la kumlisha hata adui, ndilo gumu kuliko yote, na sisi Watanzania tulilipata mlangoni petu. Mwisho wa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja, wakakaa Benaco. TCRS, makanisa na mashirika mengi walikimbilia huko na maji, dawa na chakula. Katika umati ule walikuwamo watoto, wazee na wagonjwa. Walikuwamo pia watu waliotoka kuua majirani zao, na hata viongozi waliopanga mauaji, ambao sasa walitaka kuongoza kambi na kugawa chakula.

Je, ungefanyaje? Ukifunga ghala, mtoto atakufa. Ukifungua, mwuaji atashiba na kupata nguvu. Shirika moja la madaktari liliona afadhali liondoke katika kambi za wakimbizi. Wengine walibaki, wakijaribu kufikisha chakula kwa kila familia bila kupitia mikono ya wakubwa wale. Sisi hatuwezi kuwahukumu waliobaki wala walioondoka. Lakini tukumbuke kwamba Elisha hakuwalisha tu Washami. Aliwalisha wakiwa wamekwisha kutekwa, na hawakupewa kazi ya kugawa mkate. Huruma haimwulizi mwenye njaa dini yake wala kabila lake. Lakini huruma yenye akili humwangalia anayeshika ufunguo wa ghala.

8. Mafunzo kwetu Ifakara

Ndugu, leo bondeni kwetu hakuna vita vya bunduki, na tumshukuru Mungu. Lakini mafuriko tunayajua. Ugomvi wa wakulima na wafugaji tunaujua. Wageni wanaofika na mizigo yao wakitafuta mahali pa kulala tunawaona. Yale mambo manne yanatuhusu hivi:

Tuwepo wenyewe. Mto ukijaa, tusimtume mwinjilisti peke yake akaangalie. Twende wawili wawili, tuone watu wamelala wapi na wamekula nini.

Tusiulize kwanza. Orodha ya wanaosaidiwa isianze na Waanglikana, wala isiishie kwao. Mfugaji ambaye ng'ombe wake waliingia shambani mwetu mwaka jana, mwaka huu watoto wake wakiwa na njaa, ni watoto tu.

Tumsaidie mtu asimame. Posho ya wiki mbili ni njema, lakini debe la mbegu ya mpunga kabla ya mvua ni bora zaidi. Wakristo wa Antiokia walipoambiwa kuna njaa inakuja, hawakungoja ifike. Kila mtu alitoa kadiri ya uwezo wake, wakatuma kwa mikono ya watu waaminifu. Basi akiba iwekwe wakati wa mavuno, iandikwe katika daftari, na daftari lisomwe mbele ya watu wote.

Tuseme kweli. Kama msaada unapotea njiani, au maskini anadhulumiwa na mtu wa kwetu, tuseme kwa upole lakini tuseme.

Jambo moja tena. Wapo bado wazee ambao baba zao au babu zao walichukuliwa kuwa wapagazi. Tuwaulize majina. Tuyaandike, tuyataje katika sala ya kuwakumbuka marehemu. Hawakupata sanamu, wapate angalau kutajwa kanisani.

Maswali ya kujadiliana

1. Soma tena 2 Wafalme 6:21-23. Kwa nini mfalme aliuliza mara mbili? Wewe ungejibu nini?

2. Je, Askofu Weston alifanya vema kuongoza wapagazi wa jeshi? Toa sababu za pande zote mbili.

3. Katika mtaa wetu, nani anashika ufunguo wa ghala? Watu wote wanajua kilichomo?

4. Taja familia moja karibu nawe inayobeba mzigo peke yake. Wiki hii utaichukulia sehemu gani?

Sala

Ee Bwana Yesu, uliyeanguka chini ya mzigo wako na kusaidiwa na mtu wa Afrika, Simoni wa Kirene, uwakumbuke wote waliokufa njiani wakiwa na mizigo ya wengine. Utupe macho ya kuona, miguu ya kwenda na midomo ya kusema kweli, ili mwenye njaa asilale peke yake karibu na nyumba yako. Amina.